Bunduki Haisifiwi, Hupimwa

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Pale kijiweni kwetu Kinondoni Manyanya, mahali tunapokunywa kahawa kila jioni, mwezi uliopita ulizuka ubishi mkubwa. Haukuwa ubishi wa Simba na Yanga, wala wa bei ya unga. Ulikuwa ubishi wa bunduki. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, amestaafu kazi. Kiinua mgongo chake amekitumia kwa akili: ameezeka nyumba, amelipa madeni, na akabakiza fedha kidogo za kutimiza ndoto yake ya miaka mingi, yaani kuwinda kwa leseni kama raia mwema. Akaomba kibali polisi, akakipata, akanunua bunduki.

Bunduki yenyewe ni ya mkono wa pili, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote alizoonyeshwa. Ni ya bolti. Kwa wasioijua, bunduki ya bolti ni ile ambayo kila ukishafyatua risasi moja unashika mkono wa chuma ulio ubavuni, unauinua na kuuvuta nyuma ili ganda tupu litoke, kisha unausukuma mbele na kuulaza ili risasi nyingine iingie na mlango ufungike. Haina rashasha wala mbwembwe. Asili ya mtambo huo tuliouzoea leo ni bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1898, na bunduki nyingi za kuwindia duniani ni watoto na wajukuu wa ile. Hata yule askari wetu wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 ameshika bunduki.

Sasa kijiweni maneno yakawa mengi. Mmoja akasema, "Mzee umeliwa. Rahisi ni ghali. Bunduki ya bei hiyo utapiga swala uangushe mbuyu." Mwingine akamtetea: "Bunduki ni bomba la chuma tu, bei ni jina." Shemeji mwenyewe alikuwa na ushahidi wake. Aliyemuuzia alimwapia kwamba bunduki ile inatoboa shilingi kwa mita 200. Nikamuuliza, "Bwana shemeji, shilingi hiyo wewe umeiona?" Akasema hapana, ila yule bwana ni mtu mzima na ana ndevu nyeupe.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipoamua kuacha kikombe changu. Mimi si mwindaji. Nilichonacho ni mafunzo ya JKT niliyopitia kwa mujibu wa sheria, na jambo moja lililonipata zamani, ambalo nitalieleza baadaye. Nikamwambia shemeji kwamba kabla hajakwenda porini tutaipima bunduki yake mbele ya karatasi. Karatasi haina ndevu, na haina sababu ya kutudanganya.

Kwanza niseme tusivyofanya. Hatukwenda kuipima viwanja vya Biafra, wala ufukweni, wala kwenye shamba la rafiki. Risasi ya .30-06, ambayo ndiyo ya bunduki ile, inaweza kuruka zaidi ya kilomita tatu ikikosa cha kuizuia. Ukiifyatua ovyo Biafra itavuka mapaa ya Mwananyamala ikiwa bado ina uwezo wa kuua. Kwa hiyo tulikwenda nje ya mji, kwenye uwanja wa shabaha wenye ruhusa, wenye tuta refu la udongo nyuma, na msimamizi wake akiwa amesimama nasi tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyokwenda, maana watu wengi wanadhani kupima bunduki ni kupiga chupa tatu na kushangilia.

Bunduki ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kukusanya, la pili ni kufika. Chukueni mfano wa wapiga penalti wawili. Wa kwanza mipira yake yote kumi inagonga nguzo ya kushoto, palepale. Wa pili mmoja unakwenda juu, mmoja kona, mmoja kwa washabiki, na mmoja unaingia wavuni. Kwa haraka mtu atasema wa pili ni bora, kwa kuwa amefunga. La hasha! Yule wa kwanza unaweza kumwambia asogeze mguu kidogo kulia, na kuanzia hapo atafunga yote. Wa pili huna cha kumwambia, maana hata yeye hajui mpira ujao utakwenda wapi. Bunduki inayokusanya risasi mahali pamoja, hata kama ni pembeni, ni bunduki inayorekebishika. Bunduki inayotawanya, hata kama risasi moja imeingia katikati, imekuonyesha bahati tu.

Tukatundika karatasi yenye duara jeusi mita 100. Shemeji akaketi mezani, bunduki ikalazwa juu ya mifuko ya mchanga, mbele mmoja na nyuma mmoja, ili mkono wa binadamu usiwe na la kusingiziwa. Tukaweka pamba masikioni na vidude vya kuziba juu yake. Risasi ya kwanza hatukuihesabu, kwa sababu mtutu uliosafishwa na kupakwa mafuta mara nyingi hutuma risasi ya kwanza mahali tofauti na zinazofuata. Hilo nalo mwindaji inafaa alijue, maana porini risasi ya kwanza ndiyo yenye kazi.

Kisha akapiga tano, pole pole, akiupumzisha mtutu kila baada ya risasi. Mtutu mwembamba wa bunduki ya kuwindia hupata moto haraka, na chuma chenye moto hakitulii kama chuma baridi. Ukipiga tano kwa pupa, risasi ya tano inatoka katika bunduki nyingine kabisa.

Tukaenda kuangalia. Matundu matano yalikuwa yametapakaa kama mbegu za mpapai: kutoka tundu la mbali la juu hadi la mbali la chini, sentimita 19. Shemeji akanywea. Nikajua anawaza kijiwe. Akasema, "Bwana shemeji, wale walisema kweli. Nimeliwa."

Lakini, ndugu wasikilizaji, karatasi inasema kuna nini, haisemi kwa nini. Hapo ndipo kazi inapoanza. Nikaomba bisibisi. Skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye mti, chini ya bunduki, tukazigusa: ya mbele ilizunguka robo tatu ya duara bila ubishi. Ilikuwa imelegea, pengine miaka mingi. Chuma kilikuwa kikicheza ndani ya mti kila kilipofyatuliwa, na hakikurudi mahali pale pale. Tukazikaza sawasawa. Kisha tukapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mti, tuone kama mti unaugusa mtutu. Ulikuwa unaugusa upande mmoja, kwa sababu mti hunywa unyevu na kuvimba, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Msimamizi akausugua kidogo kwa msasa mpaka karatasi ikapita.

Akapiga tano nyingine. Safari hii, sentimita 8. Bunduki ni ile ile, mpigaji ni yule yule, na gharama ni bisibisi na kipande cha msasa.

Tukajaribu la tatu. Shemeji alikuwa na risasi za aina mbili, zote .30-06, lakini za viwanda tofauti na uzito tofauti. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Zile za pili, zenye kichwa kizito cha gramu 11.7, zilikusanyika ndani ya sentimita 5. Hakuna mtu anayeweza kukuambia mapema bunduki yako itapenda risasi ipi. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Dawa yake ni kujaribu, na ukishaijua inayopendwa, kununua hiyo hiyo na kuitunza pasipo joto. Baruti ni kitu cha kemia. Risasi zilizoachwa mchana kutwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hazifyatuki sawa na zilizokaa kivulini. Dunia ya wawindaji ilipata fundisho hilo. Risasi kubwa za .458 zilianza kuuzwa mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati. Baadaye ikaja kuonekana kwamba katika baadhi ya zile za awali baruti iliyoshindiliwa sana iligandamana, na risasi ikatoka na nguvu pungufu. Fikirini mtu aliyesimama mbele ya nyati akigundua jambo hilo pale.

Baada ya hapo ndipo tulipogusa vilengeo, yaani ile nundu ya mbele ya mtutu na kile kijibonde cha nyuma unachochungulia. Wengi wetu huanzia huko, na ni kosa, ni kama kupaka rangi nyumba ambayo msingi unacheza. Vilengeo vya bunduki ile viko umbali wa kama sentimita 60 kimoja na kingine. Ukipiga hesabu ya darasa la saba, kilengeo kikisogea milimita moja tu, risasi kwa mita 100 inasogea zaidi ya sentimita 16. Milimita moja! Bunduki ikianguka kutoka kwenye pikipiki, ikigongwa na mlango, milimita hiyo imekwisha patikana. Ndiyo maana bunduki iliyopimwa mwaka jana haijapimwa.

Tukavisogeza vilengeo mpaka kundi la matundu likakaa katikati ya duara. Halafu tukapiga kumi, si tano. Shemeji akalalamika kwamba risasi ni ghali, na ni kweli. Lakini matundu matatu yaliyobanana yanaweza kuwa bahati. Kwa hesabu za wataalamu, bunduki ile ile ikipiga risasi kumi, upana wa kundi kwa wastani huwa karibu mara moja na nusu ya upana wa kundi la risasi tatu. Mtu anayekuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana anakuonyesha siku yake nzuri. Muulize ziko wapi karatasi za siku nyingine. Kumi zetu zilienea sentimita 7. Kwa bunduki ya bei ya chini, ya mkono wa pili, hilo ni jambo la kushukuru. Na kuhusu ile shilingi ya mita 200, hesabu rahisi inaonyesha kwamba bunduki inayotawanya sentimita 7 kwa mita 100 itatawanya 14 au zaidi kwa mita 200. Shilingi imenusurika.

Shemeji akaanza kutabasamu na kufungasha. Nikamwambia, "Bado. Tumeipima bunduki. Sasa tunakupima wewe."

Akacheka, akadhani natania. Lakini porini hakuna meza wala mifuko ya mchanga. Kuna jasho, kuna mbung'o, na kuna moyo unaodunda. Nikampa fimbo tatu zilizofungwa kwa mpira, zile wanazoegemeza wawindaji, asimame, apige tano kwa mita 100. Matundu yakaenea sentimita 34, na moja halikuonekana kabisa kwenye karatasi.

Nikamwomba msimamizi ambebee bunduki, amwekee risasi pembeni bila yeye kuona, na mara moja moja aweke ganda tupu lisilo na baruti. Shemeji akalenga, akavuta triga. Ilisikika "tik" tu, lakini mtutu ulizama chini kama mtu aliyesikia radi, na macho yake yalikuwa yamefumba. Hakukuwa na mlio wala teke la bunduki, lakini bega lilikuwa limeshaogopa kabla. Mtu mzima mwenye wajukuu akasimama pale akiitazama mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni mimi."

Ndugu wasikilizaji, neno hilo, "kumbe ni mimi," lilinifurahisha kuliko matundu yote ya siku ile. Ni wachache wanaolisema. Wengi huilaumu bunduki, na wengine hununua nyingine ya bei kubwa zaidi, wakaenda kufumba macho nyuma ya bunduki ya bei kubwa.

Tukarudi Jumamosi mbili zaidi. Akajifunza kuvuta triga kama mtu anayekamua ndimu, si kama anayeng'oa jino. Mwishowe tukachukua sahani ya bati, upana wake kama sentimita 15, maana sehemu ya moyo na mapafu ya swala si kubwa zaidi ya hapo. Tukamuuliza swali moja tu: ni umbali gani ambao wewe, umesimama, kwa fimbo zako, unaweza kuigonga sahani hii mara tano kati ya tano? Kwa mita 100 aliigonga mara tatu. Kwa mita 80 mara nne. Kwa mita 60 mara tano, akarudia tena mara tano. Akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi ya leseni yake, nyuma: "Mwisho wangu mita 60." Bunduki ingeweza zaidi. Na bunduki ya ghali ingeweza zaidi ya hapo. Lakini aendaye kuwinda ni shemeji, na mita 60 ndizo zake.

Pengine mtu atauliza, kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya swala mmoja? Sasa nilieleze lile jambo langu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa kijana, nilifuatana na mjomba wangu kuwinda nyati bonde la Kilombero. Mjomba alikuwa na leseni na bunduki kubwa inayofaa. Bunduki hiyo ilikuwa na sifa mji mzima. Watu walisema haikosi. Aliiazima kwa rafiki yake, ikasafiri nyuma ya lori pamoja na magunia ya mpunga, na hakuna aliyewaza kuipima, kwa sababu kitu kisichokosa hupimwa kwa lipi? Mjomba alikuwa mpigaji mzuri, hilo silibishi. Alimlenga nyati bega, akiwa ametulia, kwa umbali ambao hata mtoto angepata. Risasi ikaingia tumboni. Nyati akatoka mbio, akaingia matetení, na damu yake ilikuwa na majani ndani yake. Tulimfuata mpaka jua likazama. Kesho yake tulimfuata hadi kwenye maji, tukapoteza nyayo. Chakula kilikuwa kimekwisha. Mjomba akasema atakuwa amekufa. Tukarudi.

Nyati hakuwa amekufa. Siku ya nne mkulima mmoja wa mpunga, mtu ambaye hakuwa na bunduki wala leseni wala habari zetu, alikwenda shambani kwake alfajiri kufukuza ndege. Alirudishwa kwa kubebwa juu ya kitanda cha kamba. Aliishi, lakini mguu wake mmoja haukuishi naye.

Mjomba alikwenda kumwona, akapeleka fedha na mchele, na yule mkulima alipokea kwa heshima, jambo ambalo lilimuumiza mjomba kuliko kama angetukanwa. Aliporudi alichukua bunduki ile, akatundika gunia lenye duara la mkaa, akapiga risasi tatu kwa hatua hamsini. Zote tatu ziligusana. Na zote tatu zilikuwa kushoto, zaidi ya shubiri mbili. Kilengeo cha mbele kilikuwa kimegongwa ndani ya lori. Kipimo kilichukua dakika kumi. Kilikuja wiki moja baadaye. Majuto ni mjukuu.

Ndiyo maana nasema kupima bunduki si starehe ya matajiri wala si udadisi wa mafundi. Ni haki ya mtu wa tatu. Katika uwindaji tunawaona wawili, mwindaji na mnyama. Wa tatu hatumwoni. Ni mama anayekata kuni, ni mtoto anayechunga mbuzi, ni yule mkulima wa alfajiri. Mnyama uliyemjeruhi ukamwacha unakuwa umemtuma kwao.

Na jambo hili si la wawindaji wa leseni peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na mtaalamu wa simba Craig Packer na wenzake ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Simba wa namna hiyo anapoingia kijijini Rufiji au Lindi, anayeitwa ni askari wa wanyamapori mwenye bunduki moja ya bolti na risasi za kuhesabu. Kijiji kizima kinasimama nyuma ya kilengeo chake. Ikiwa bunduki hiyo imekaa stoo mwaka mzima, na askari huyo hakupewa hata risasi kumi za kujipima, basi tumempeleka na tumaini tu mkononi. Halmashauri zinazohesabu bunduki zao kila mwaka zihesabu pia karatasi zenye matundu. Risasi ya mazoezi ina bei, lakini bei yake inajulikana.

Historia yetu nayo ina ushahidi wake. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na wengi wa askari hao walikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zinazofuka moshi mzito unaomfichua mpigaji kila anapofyatua. Kwa karatasi za stoo, vita vile vilikuwa vimekwisha kabla havijaanza. Lakini baadhi ya vikosi vilivyoshuka vilikuwa vimegawiwa bunduki mpya karibu na safari, na havikuwa vimezizoea. Wenye bunduki kuukuu walizijua zao, walikuwa wamezoezwa nazo mwaka baada ya mwaka. Wageni walishindwa, wakarudi merikebuni, wakaacha nyuma bunduki mpya 455 na risasi 600,000. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Kulikuwa na bunduki za rashasha, kulikuwa na uongozi mbovu, na hata nyuki wa Tanga walishiriki. Nasema tu kwamba chombo usichokijua ni mzigo, hata kikiwa kipya.

Turudi Kinondoni. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimtazami mwombaji kwa uwezo wa kununua tu, inamtaka pia awe na ujuzi wa kutumia silaha. Hilo ni jema. Lakini cheti cha ujuzi hupatikana mara moja, na ujuzi wenyewe huota kutu kama mtutu. Ningependa kila mwenye bunduki ya kuwindia awe na desturi ndogo ya mwaka: kabla msimu haujafunguliwa, risasi kumi kwenye karatasi, mahali penye ruhusa, na karatasi hiyo aihifadhi na tarehe yake. Sio ya kumwonyesha mtu. Ni ya kumwonyesha yeye mwenyewe mwisho wake ni mita ngapi.

Juzi shemeji alirudi kijiweni kutoka katika safari yake ya kwanza. Wakamzunguka. "Mzee, bunduki yako ya bei poa imeangusha nini?" Akasema hakuangusha kitu. Alimwona swala dume mzuri, amesimama ubavu, akamkadiria kwa macho: mita 90, pengine 100. Akangoja asogee. Hakusogea. Akaweka bunduki chini.

Kijiwe kikacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akaachwa achekwe. Baadaye wakati tunarudi nyumbani, tukipita kwenye taa za maduka pale barabara ya Kinondoni, nilimuuliza kama iliuma kurudi mikono mitupu baada ya kutumia fedha zote zile. Akaniambia, "Bwana shemeji, zamani ningempiga. Tena ningempata, kwa bahati, ningewaambia hawa kwamba bunduki yangu haikosi."

Tukatembea kidogo. Kisha akaniuliza kama yule mkulima wa Kilombero bado yu hai. Nikamwambia alifariki miaka mingi iliyopita, kwa uzee, na kwamba mjomba alikwenda kumzika.